Mwalimu na Albamu ya Pesa Zilizokufa

Mwalimu alikuwa na tai tatu, na zote alizivaa kazini. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupakia maboksi ghalani, saa kumi kwa siku, na wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Msimamizi mmoja wa Louisville alimwonya kwamba ipo siku mashine itainasa ile tai na kumnyonga. Mwalimu akaikunja, akaichomeka katikati ya vifungo vya shati, akaendelea kubeba. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alisema mtu aliyesimama mbele ya watoto miaka ishirini hawezi kwenda kazini shingo wazi.

Namwita Mwalimu kwa sababu alinifundisha darasa la tano, Uvira, na tangu hapo ulimi wangu umekataa kulitaja jina lake. Nilikimbia vita, nikakaa kambini Burundi, nikaletwa Marekani, na siku nilipokutana naye kwenye ngazi za apatimenti zetu Louisville, amebeba mfuko wa viazi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutema chingamu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne.

Tulikaa karibu naye Louisville, kisha Columbus, kisha Buffalo, kwa sababu sisi tulikuwa tunahama kufuata kodi nafuu na yeye alikuwa anafuata ugali wangu wa Jumapili. Popote tulipokaa, watu walimjua kwa jambo moja: alikuwa na albamu. Ilikuwa albamu ya picha ya kawaida, jalada la kijani, kurasa za plastiki, na ndani yake hamkuwa na picha hata moja. Mlikuwa na noti za Kijerumani za mwaka 1923.

Mwaka ule, kama alivyotueleza mara mia, pesa ya Ujerumani ilianguka vibaya hata mkate mmoja ukauzwa kwa mabilioni. Serikali haikuweza kuchapa noti za kutosha, basi miji ikachapa zake, na viwanda navyo, na mashirika ya reli. Wenyewe waliziita Notgeld, pesa za dharura. Nyingi zilichapwa upande mmoja tu kwa sababu ya haraka, na nyingi ziliandikwa tarehe ya mwisho. Ikipita tarehe hiyo, ulichoshika ni karatasi. Chini ya kila noti Mwalimu alibandika kikaratasi alichoandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: mji gani, kiasi gani, nani alisaini, inatumika mpaka lini. Alipiga mistari kwa rula na wino mwekundu, na aliyegusa plastiki kwa kidole chenye mafuta alikaripiwa, hata awe nani.

Kanisani walidhani amerukwa na akili. Wengine walidhani anatafuta utajiri, kwamba siku moja benki itamwita. Mimi alinieleza mwenyewe alichokuwa akitafuta. Alikuwa akimtafuta mke wake.

Mke wake tulimwita Mama Mwalimu. Waliishi pamoja miaka ishirini, Uvira na kisha kambini, na Mungu hakuwapa mtoto. Walioana Januari 1993, nchi yetu bado ikiitwa Zaire. Serikali ilikuwa imetoa noti mpya ya zaire milioni tano, watu wakalipwa mishahara kwa noti hizo, na wenye maduka wakazikataa. Mwalimu alikuwa ameshapeleka ng'ombe wawili kwa wakwe, na sehemu ya mahari iliyobaki walikubaliana iwe pesa. Siku ya siku akaenda na bahasha ya milioni tano tano, noti mpya zinazonukia wino. Baba mkwe akazishika, akazigeuza, akasema mbele ya wazee wote kwamba yale ni makaratasi. Lakini bibi harusi alikuwa amekwisha kuvaa, na vyakula vilikuwa motoni, basi mzee akamwacha aende, akatangaza kwamba mahari haijaisha. Ile bahasha hakuirudisha. Aliitia kwenye sanduku lake la bati, akafunga, na sanduku hilo alilibeba kichwani katika kila vita tuliyokimbia.

Kambini sote tuliambiwa jambo moja: msiseme uongo mbele ya wale wanaowahoji, watawauliza mara tatu, ukijikwaa umekwisha. Mama Mwalimu alikuwa ameandikwa kwenye kadi ya chakula ya baba yake, kwa kuwa mzee alikuwa anaumwa macho na alihitaji mtu wa kumshika mkono. Zamu ya Mwalimu ilipofika wakamuuliza, umeoa? Mtu mwingine yeyote duniani angesema ndiyo. Mwalimu akaeleza kwa utulivu kwamba mahari bado haijaisha, kwa hiyo, kwa heshima ya mkwe wake, yule mama bado ni binti wa kwao. Karani alitafuta kisanduku cha kuweka alama, akaweka kwenye hajaoa. Miaka miwili baadaye jina la Mwalimu likatoka peke yake. Wakamwambia aende, akishafika aombe mkewe naye aletwe. Akaja Louisville mwaka 2013 na sanduku moja na tai tatu.

Hapo ndipo ninapoanza kumkasirikia, na mpaka leo sijamaliza. Mimi kambini nilisema uongo. Watoto wawili wa marehemu dada yangu niliwaandikisha kuwa nimewazaa mimi, nikakariri tarehe, nikatazama watu machoni, na leo wanalala chumba cha pili na wananijibu kwa Kiingereza nikiwaita kula. Sijutii hata kidogo. Kila Jumapili Mwalimu alikaa katikati yao akiwasahihisha hesabu, na mimi nikipakua mboga nilikuwa nikifikiri: mwongo ana watu wake wote mezani, mkweli anakula kwa jirani.

Kuhusu kula, alikuwa mkono wa birika kupita kiasi. Asubuhi chai na mkate mkavu, mchana viazi alivyochemsha mwenyewe na kubeba ndani ya kopo la siagi. Basi la dola moja na robo alilikwepa kwa kutembea. Lakini mtu huyohuyo alikuwa radhi kutoa dola nne kwa noti ambayo hata Wajerumani wenyewe waliitupa. Nilimwambia anunue koti kwanza. Aliniambia koti halitoi ushahidi.

Neno hilo, ushahidi, lilikuwa halimtoki mdomoni. Watoto wakigombana nani kavunja kikombe, Mwalimu aliweka kalamu mezani na kusema, "Bon, tuone ushahidi." Mchungaji akitia chumvi kwenye mahubiri, Mwalimu alikohoa. Na noti ya kwanza kabisa aliinunua kwa sababu hiyo. Ilikuwa Jumamosi, kwenye soko la vitu vya mitumba pale Louisville, mimi natafuta sufuria. Nikasikia mtu anacheka. Nikageuka, nikamwona Mwalimu amesimama mbele ya trei ya mzee mmoja anayeuza sarafu, ameshika noti kwa ncha za vidole, anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Mwanafunzi, kuya uone! Milioni tano! Angalia, milioni tano, sawasawa na ile yangu!" Alinisomea sifuri moja moja. "Donc hata Bazungu! Hata Bazungu makuta yao, pesa yao, ilikufaka! Na hapa meya ametia sinyatire. Haikuwe kosa ya mwenye kulipa, unaona? Ilikuwa kosa ya inchi."

Yule mzee muuzaji akamweleza historia yote, na Mwalimu akasikiliza kama mtoto. Tulipofika ngazini akaniambia atamtumia baba mkwe ile noti aione.

Sikuelewa wakati huo, nikaelewa baadaye alipopata wakili. Wakili wetu alikuwa mwanamke kijana wa shirika moja linalosaidia wageni, mwenye huruma na faili nyingi. Alimwambia hivi: ukileta maandishi ya baba wa mke, na wazee walioshuhudia, kwamba ndoa yenu ya kimila ilikamilika kabla hujaja Marekani, tutamwombea aje. Lakini una miaka miwili tu tangu ulipofika.

Nikamwambia Mwalimu, basi lipa hiyo mahari. Tutachanga, kanisa litachanga, ni kiasi gani? Akanitazama kama nilivyozoea kutazamwa nilipokosea kugawanya.

"Nikilipa leo, nimeoa leo. Mule mu karatasi itaandikwa leo. Beye ba serikali banataka ikuwe mbele sijakuya. Inatakiwa ile ya tisini na tatu njo ihesabike."

Kwa hiyo kulikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo wake ulikuwa ndani ya sanduku la bati. Mzee alipaswa kukiri kwamba zile milioni tano tano za 1993 zilikuwa mahari halali. Mzee naye, kwa bahati mbaya kuliko zote, alikuwa mtu wa aina ileile ya Mwalimu. Alijibu kwamba hatatia kidole chake kwenye uongo. Hakuna pesa aliyopokea, alipokea makaratasi, na Mungu anajua.

Kwa heshima za kwetu, mkwe hambishii baba mkwe, hata simu hampigii moja kwa moja. Maneno yalipita kwa shemeji yake Mwalimu, kaka wa Mama Mwalimu, ambaye ndiye mwenye simu ya picha kambini. Basi kila Jumamosi asubuhi Mwalimu aliinama juu ya meza yangu, akapiga picha ukurasa mpya wa albamu pamoja na kikaratasi chake, akatuma, kisha akaweka simu katikati ya vikombe tusubiri. Shemeji alikuwa akimsomea mzee maana macho yake yalikuwa yamekwisha. Huu mji ulilipa wafanyakazi wake kwa noti hizi. Kiwanda hiki cha viatu vilevile. Huyu alinunua ng'ombe kwa hizi. Mwalimu alikuwa akijenga kesi, ukurasa kwa ukurasa, mbele ya hakimu kipofu.

Majibu yalikuja kwa sauti ya shemeji, siku zote yamelainishwa. "Mzee anasema aksanti kwa picha. Anasema ni muzuri. Anasema bado ni makaratasi."

Mara moja moja Mama Mwalimu aliichukua simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya juu kidogo, yenye kicheko hata pasipo na la kuchekesha. Alisema, "Mwambie huyu bwana aache kututumia sura za makuta ya bafu, makuta ya batu walikufaka. Atume yake. Nataka nione kama bado iko na meno."

Picha yake Mwalimu hakuituma. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na alikuwa amemwambia mkewe kwamba ananenepa. Huu ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema, na aliusema vizuri. Alimwambia anakaa kwenye nyumba yenye bustani, kwamba nyama ni kila siku, kwamba kazi yake ni ya kukaa. Mimi nikimtazama akisema hayo ameshika kopo lake la viazi, nilitamani kumnyang'anya simu. Ushahidi wote alioutaka kwa wengine, kwa mkewe aliusamehe.

Columbus ilikuwa mbaya. Alipata kazi kwenye ghala lililoko Hilliard, nje ya mji, na alikuwa akipanda gari la mtu wa kanisani kwa dola tano kwa siku, jambo lililomuuma kama jino. Wikendi alitembea kwenye mitaa ya zamani ya Wajerumani, yenye nyumba za matofali mekundu, akiingia kila palipowekwa meza ya vitu vya marehemu nje ya nyumba. Alikuwa amegundua jambo lililomtia moyo: miji yote tuliyokaa ilijengwa na Wajerumani, na wajukuu zao walikuwa wanatupa mabahasha ya babu zao bila kuyafungua. Alivaa tai nyekundu, akabisha hodi, akaeleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba yeye ni mwalimu na anatafuta pesa zilizokufa. Wengine walifunga mlango. Wengine walimpa kiti. Mama mmoja alimpa noti sita na keki nzima, naye noti akazilipia, keki akaileta kwangu.

Albamu ilijaa. Muda nao ulikuwa unakatika, na mwaka 2015 Burundi yenyewe ikachafuka, simu zikawa zinapatikana leo na kukosekana wiki nzima. Mwezi wa mwisho wa ile miaka miwili Mwalimu aliacha kula kwangu. Alikuja, akakaa, akatazama simu. Nikamwambia, na nilimwambia mbele ya mume wangu ili asiseme sikusema:

"Mwalimu, andika hiyo karatasi wewe mwenyewe. Nitaweka kidole changu. Mume wangu ataweka chake. Nani atajua? Kidole ni kidole."

"Apana."

"Watu wote wanafanya hivyo! Mimi nilifanya hivyo!"

"Najua, mwanafunzi. Na sikusema kitu, juu wale batoto hawana mama mwengine." Aliongea polepole. "Lakini nikimuleta bibi yangu kwa uwongo, njo kusema ile siku ya tisini na tatu nilikuwa mwizi kweli. Mzee atakuwa amesema haki. Miaka makumi mbili nimekaa na mutoto ya mutu bila haki. Unaona? Siwezi."

Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia anaipenda heshima yake kuliko mkewe. Nilimwambia albamu yake ni ya kuwashia moto. Aliichukua, akaipangusa kwa kiganja, akatoka, na miaka miwili ikaisha siku ya Alhamisi bila karatasi. Jumapili alirudi kula. Nilimpakulia nyama mara mbili.

Tulipohamia Buffalo, kwenye mitaa ya Lower West Side, wakili wa huko alimpa tumaini jembamba kama uzi. Alisema muda ukipita bado mtu anaweza kuomba afikiriwe kwa huruma, mradi maandishi yawepo. Mwalimu alishika neno mradi kwa mikono miwili. Theluji ilikuwa inafika magotini, naye anatembea na viatu vya ngozi vya darasani.

Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba moja kule Amherst. Kati ya niliowaogesha alikuwamo bibi wa miaka tisini na zaidi, mwenye asili ya Kijerumani. Siku moja nilimtajia Mwalimu, kwa kupitisha muda tu. Akaniambia nifungue droo ya chini. Palikuwa na bahasha ya noti nne.

Nikampeleka Mwalimu siku ya mapumziko yangu. Alivaa tai ya buluu, iliyo bora kuliko zote, akaketi mbele ya kiti cha magurudumu magoti yamebana pamoja. Bibi alisema zile noti zilikuwa za babu yake. Aliuza duka lake kule Ujerumani mwaka 1923, akalipwa Jumatatu, na kufikia Ijumaa pesa yote ilitosha jozi moja ya viatu.

Mwalimu akauliza, "Na duka? Walimrudishia?"

"Hapana," bibi alisema. "Alikuwa ameshika pesa, ameshasaini. Mnunuzi alibaki nalo. Babu alivaa vile viatu mpaka alipokufa."

Sijawahi kumwona binadamu akifurahi hivyo. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Mauzo yalikuwa mauzo! Pesa ilikufa mkononi, lakini kitu kilichonunuliwa kilinunuliwa! Huu sasa ulikuwa ushahidi wenyewe. Alilipa dola mbili kwa noti moja, bibi akicheka mpaka akakohoa, na kwenye maegesho ya magari, upepo ukitukata masikio, hakusubiri Jumamosi. Akampigia shemeji, akasimulia yote, akamsihi amwambie mzee neno kwa neno.

Tulisubiri ndani ya gari langu, injini ikiunguruma. Simu ikalia. Safari hii shemeji hakulainisha.

"Mzee anasema hivi. Ule babu ya Kijerumani aliuzaka duka. Mimi nilitoa mutoto."

Mwalimu alifungua mkanda wa gari, akaufunga tena. Nilipomshusha alisema aksanti, akaniambia taa yangu moja ya nyuma haiwaki.

Mama Mwalimu alianza kuumwa mwezi wa tatu mwaka 2016. Mwanzoni walisema malaria, baadaye figo. Mwalimu alituma pesa zake zote za kweli, na za kwetu, akazungusha karatasi ya mchango kanisani, yeye ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi. Picha za noti alikuwa ameacha kuzituma. Nilimsikia mara moja kwenye simu, amegeukia ukuta, akimwambia mkewe kwamba bustani imeanza kuchanua. Yeye akajibu kwa sauti ndogo, bila kicheko, kwamba angependa kuiona, na kwamba aache kumdanganya kwa sababu hata kikohozi chake kinasikika kimekonda.

Alifariki Jumanne. Nilipata habari kazini, nikamaliza kumvisha bibi wa watu soksi, nikatoka nikalia kwenye chumba cha kufulia. Mwalimu hakupokea simu yangu siku hiyo wala kesho yake.

Kwetu, mwanamke ambaye mahari yake haijaisha anazikwa kama msichana wa nyumba ya baba yake. Mume hatajwi. Hakuna wa kumlilia kama mke wa mtu. Wanawake wa kambini, waliomwita Mama Mwalimu miaka yote, walikaa nje ya hema la mzee wakisubiri waambiwe wamlilie kwa jina gani.

Nilikwenda kwake Jumamosi asubuhi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi, tai nyeusi ambayo sikujua anayo, na albamu iko mezani. Hakulia. Alinipa simu, akanionyesha pa kubonyeza. Ilikuwa sauti ya shemeji, na nyuma yake watu wengi wanaimba.

"Shemeji, Mzee alifungua sanduku. Alitosha ile bahasha inje, akazishika moja moja na vidole, juu haone. Akauliza, hizi njo zile? Tukasema njo zile. Akasema, mutoto yangu hawezi kuzikwa bila bwana. Mbele ya batu yote akasema: mahari nimepokea. Tumeandika. Ametia kidole. Tumemuzika kama bibi yako."

Nikarudisha simu mezani. Karatasi yenyewe alikuwa ameichapisha maktaba, kutoka kwenye picha waliyotuma. Ilikuwa ya daftari la shule, yenye mistari. Ilisema kwamba ukoo ulipokea mahari yote mwezi wa kwanza mwaka 1993, na ndoa ikakamilika siku hiyo. Majina ya mashahidi wanne. Chini kabisa alama ya kidole gumba, kubwa, imeteleza kidogo upande. Halikukosekana neno hata moja katika yale aliyoyataka wakili.

Miaka mitatu tulikuwa tumeitafuta karatasi ile. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika yule mzee kipofu mabegani, halafu nimshike huyu, niwagonganishe vichwa na ukweli wao. Badala yake nikavuta kiti, nikakaa.

Mwalimu akaitelezesha karatasi kwenye plastiki ya ukurasa wa mwisho, baada ya noti ya duka la babu wa Kijerumani. Akatoa kikaratasi chake, amekwisha kukipiga mistari kwa rula. Mji: alikuwa ameandika jina la kambi. Kiasi: mahari yote. Aliyesaini: baba mukwe. Mstari wa nne ulikuwa mtupu.

"Andika hapo, mwanafunzi. Mukono yangu inakataa."

Inatumika mpaka lini. Nikashika kalamu. Nilijua ninachotaka kuandika, nikaanza herufi ya kwanza ya neno milele, kwa sababu mimi ni mwongo na uongo wangu siku zote umekuwa wa kuwafunika watu wasipigwe na baridi. Aliiona kalamu inavyokwenda. Akanishika kifundo cha mkono, taratibu, kama alivyokuwa akitushika darasani tukikosea kuunganisha herufi.

"Apana. Mu albamu yangu hamuna uwongo."

Akanipa kikaratasi kingine, kisafi. Nikaandika tarehe ya Jumanne ile aliyofariki. Kidole cha mzee kilikuwa kimewekwa Jumatano.